Mkono Ulioshika Kalamu

Katika juzuu ya pili ya Otoyomegatari kuna sura ambayo karibu hakuna kinachotokea. Hakuna vita, hakuna farasi anayetimua vumbi, hakuna anayekufa. Ni wanawake wa nyumba moja ya Asia ya Kati, karne ya 19, wamekaa na vitambaa vyao wanadarizi. Binti mdogo aitwaye Tileke hana hamu na maua. Anapenda mwewe, basi kitambaa chake ni mwewe, na mwewe, na mwewe tena. Bibi yake hamkemei. Anamfungulia nguo za ukoo, moja baada ya nyingine, na kumweleza hii ilitoka mikononi mwa nani na ile ya nani.

Kila nikifika hapo nasita kufungua ukurasa unaofuata. Nguo zile zote zimechorwa kwa wino, tawi kwa tawi, petali kwa petali. Kitambaa kikikunjwa, nakshi inakunjwa nacho. Kikilala juu ya goti, maua yanapinda kulifuata goti. Nimelelewa na wanawake walioshona kofia za mkono baada ya kazi za nyumbani, na ninajua kofia moja humchukua mtu wiki nyingi, tundu kwa tundu, mpaka macho yanauma. Sikutarajia kuiona subira ile kwenye kitabu cha katuni kutoka Japani.

Mchoraji ni Kaoru Mori, mwanamke wa Tokyo aliyezaliwa 1978. Kabla ya kitabu hiki alikuwa amechora Emma, kisa cha mjakazi wa London zama za Malkia Victoria. Otoyomegatari, ambayo kwa Kiingereza inauzwa kwa jina la A Bride's Story, aliianza 2008, na 2014 ilipata tuzo ya Manga Taisho, ambayo wapiga kura wake wengi ni wauza vitabu. Kisa kinaanza na Amir, binti wa wafugaji wanaohamahama, anayeozwa kwenye ukoo wa watu wa mjini kwa mume aliye mdogo kwake kwa miaka minane. Kutoka hapo Mori anatutembeza kwa mabibi harusi wengine wa nchi zile, na kila tunapofika anatuonyesha watu wanafanya kazi gani kwa mikono yao. Juzuu ya kwanza ina sura nzima ya mzee mchonga mbao na mtoto anayekwepa kazi za nyumbani ili akae kumtazama. Ya pili ina tanuri la mtaa, ambako Pariya, msichana mwenye haya na ulimi mkali, anapamba mkate kwa umbo la ndege.

Baadaye nyumba ya Pariya inabomolewa katika shambulio, na nguo alizokuwa akijidarizia kwa ajili ya ndoa zinapotea. Inambidi aanze upya. Msomaji aliyepita sura ya Tileke bila haraka ataumia hapo kwelikweli, kwa sababu anajua kilichopotea ni miaka ya sindano. Mori hakuhitaji kutuambia. Alikwisha kutukalisha chini na kutuonyesha.

Watu huniuliza waanze na anime ipi, au manga ipi, na wengi wanatarajia niwatajie zenye mapigano makubwa. Zipo, na nyingine ni nzuri sana. Lakini mimi hupendekeza kwa kufuata mkono. Namtafutia mtu kazi ambayo ndani yake utaona kabisa kwamba kuna binadamu aliyekaa, akainama, akachora.

Inafaa kujua ukurasa wa manga unavyozaliwa. Kwanza huja rasimu ya haraka ambayo wenyewe huiita nemu: nani amesimama wapi, anasema nini, ukurasa ukifunguliwa jicho linakutana na nini. Mhariri akiridhika, picha zinapangwa kwa penseli juu ya karatasi kubwa kuliko kitabu kitakavyokuwa, kisha zinapitiwa kwa wino. Nibu iitwayo G hutanuka ukiikandamiza na kusinyaa ukiilegeza, hivyo mstari mmoja unaweza kuanza mnene begani na kumalizikia mwembamba kama unywele kwenye kidole. Nibu ya maru ni ya vitu vyembamba zaidi, kope, nywele, nyuzi. Kosa hufunikwa kwa rangi nyeupe. Siku hizi wengi wanachora kwenye skrini, na sioni ubaya wowote, maana mkono ni uleule. Anayetoa kazi kwenye jarida la kila wiki kama Shonen Jump hutakiwa kuwa na kurasa zipatazo 19 kila wiki, akiwa na wasaidizi wa kujaza majengo, miti na vivuli. Ukimaliza sura kwa dakika tano, kumbuka hesabu hiyo.

Katika jarida hilohilo Takehiko Inoue alichora Slam Dunk kuanzia 1990 hadi 1996, juzuu 31 za vijana wa sekondari wanaocheza mpira wa kikapu. Mwanzoni ni vichekesho tu, na mistari yake bado inatafuta njia. Usikate tamaa. Kadiri juzuu zinavyosonga miili inapata uzito, jasho linakuwa jasho, na viatu vinakanyaga sakafu. Halafu unafika kwenye mechi ya mwisho, dhidi ya timu ya Sannoh, na katika sekunde zake za mwisho Inoue anaondoa maneno. Kurasa kwa kurasa, karibu hakuna kauli wala mlio. Kilichobaki ni mikono, mpira, uso wa anayetazama, mpira tena. Macho yako yenyewe yanaanza kukimbia. Nikimsikia mtu akisema katuni ni ya watoto, hizo ndizo kurasa ninazomwekea mbele.

Inoue aliendelea na Vagabond, aliyoianza 1998 kutokana na riwaya ya Eiji Yoshikawa kuhusu mpiga upanga Miyamoto Musashi. Humo njiani aliiweka nibu kando akashika brashi, na ukiisoma utapaona mahali mstari unapoanza kupumua. Tangu 2015 kisa kimesimama bila kumalizika. Ninaipendekeza hata hivyo.

Kwa anayependa kutazama kuliko kusoma, mimi huanza na Kaguya-hime no Monogatari, filamu ya Isao Takahata ya 2013. Kisa chake ni cha karne ya 10: mkata mianzi anamkuta kiumbe mdogo ndani ya mwanzi unaong'aa, anamlea kama binti yake, kisha anamhamishia mjini akawe binti wa heshima. Filamu nzima imechorwa kana kwamba ni rangi za maji juu ya karatasi, nyeupe imeachwa pembeni, na mistari ina mikwaruzo ya makaa.

Tazama usiku wa karamu. Wanaume waliolewa wanadai waonyeshwe huyo binti aliyefichwa nyuma ya pazia, na yeye anasikia kila neno. Anainuka. Anapasua milango, anatoka mbio, na mavazi ya thamani yanamdondoka moja baada ya jingine njiani. Hapo mchoro wenyewe unachafuka. Uso unapoteza macho na mdomo, miguu inakuwa michirizi myeusi, miti inapita kama mikwaruzo ya mtu mwenye hasira aliyeshika kipande cha makaa. Mchoraji mwenye ujuzi wa kuchora kila kope ameamua kutochora uso. Nilipoiona mara ya kwanza niliirudisha nyuma nikaipitia polepole, picha moja moja, na kila picha ilikuwa fujo ambayo peke yake usingeielewa. Zikiunganika, ni binti anayekimbia na moyo wake unapasuka.

Takahata mwenyewe hakuwa mchoraji. Alikuwa mwongozaji aliyejua kusema anachokitaka na kukataa kisichofika hapo, na filamu hii ilichukua takriban miaka minane. Waliomchorea ni kina Osamu Tanabe, aliyewapa wahusika sura, na Kazuo Oga, ambaye zamani alikuwa amepaka miti na mashamba ya My Neighbor Totoro. Kuacha mistari imekatika kunaonekana kama kupunguza kazi, kumbe kunaiongeza, maana mstari usiofunga hauipi rangi mpaka wa kuishia. Takahata alifariki Aprili 2018, na hii ndiyo filamu yake ya mwisho.

Filamu ya kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde. Mwaka 1963 Osamu Tezuka alipoipeleka Astro Boy kwenye televisheni, fedha na muda havikutosha, ikabidi mchoro mmoja ukae fremu tatu au zaidi, na mpaka leo anime nyingi za televisheni zinaenda kwa michoro minane hivi kwa sekunde. Wachoraji wakuu huchora mwanzo na mwisho wa tendo, na wengine huchora picha za kati. Hao wa picha za kati, ambao mara nyingi ndio vijana, kwa kawaida hulipwa kwa kila picha, na malipo ni madogo. Inaniuma kulisema hili katikati ya sifa, lakini anayeipenda kazi yao hana haki ya kulificha. Ndiyo sababu naomba utazame na usome mahali ambapo pesa inarudi kwa waliochora. Mwaka 2020 Netflix ilizifungua filamu za Ghibli, studio ya Takahata, kwa watazamaji wa Afrika, kwa hiyo kisingizio cha kukosa njia kimepungua.

Na ukitaka kupima muda wa kazi hiyo, kuna kipande katika The Wind Rises, filamu ya Hayao Miyazaki, nayo ya 2013, ambapo umati unakimbia baada ya tetemeko la ardhi la 1923. Kipande chenyewe ni sekunde nne. Eiji Yamamori alikichora kwa mwaka mmoja na miezi mitatu. Kila mtu mle ndani ana mzigo wake na mwendo wake, hakuna aliyewekwa kujaza nafasi.

Ukiniambia una saa moja tu, nitakupa Look Back. Tatsuki Fujimoto aliitoa 2021, kurasa 143, kisa kimoja kilichokamilika. Fujino, mwanafunzi wa shule ya msingi, anachora katuni za visanduku vinne kwenye gazeti la shule na amezoea kusifiwa. Siku moja gazeti linatoka na katuni yake ikiwa kando ya ile ya Kyomoto, msichana asiyehudhuria masomo, na mandhari ya Kyomoto ni bora kuliko chochote alichowahi kuchora Fujino. Kuanzia hapo tunaonyeshwa mgongo. Fujino yuko mezani, ametupa mgongo, anachora. Picha inayofuata ni meza ileile, mgongo uleule, dirishani majira yamebadilika na madaftari ya kuchorea yameongezeka. Hakuna anayezungumza.

Siku wawili hao wanapokutana ana kwa ana, Kyomoto anamwita Fujino “mwalimu” na kumwomba saini mgongoni mwa koti lake. Fujino anajifanya hajali. Akishaondoka, yuko peke yake njiani, mvua inanyesha, na anaanza kurukaruka kwenye madimbwi kama mtu aliyesahau kuwa ana mwili. Kiyotaka Oshiyama alipoigeuza filamu ya dakika 58 mwaka 2024, sehemu kubwa aliichora mwenyewe, na mistari ya wachoraji iliachwa na ukwaruzo wake, haikusafishwa. Katika mvua ile unaiona penseli yenyewe inaruka.

Kinachofuata sitakisimulia. Anza na kitabu, kisha filamu. Kitabu cha manga hufunguliwa kutoka kulia kama msahafu. Soma mara ya kwanza kwa ajili ya kisa. Ukimaliza, rudi kwenye zile picha za mgongo na uhesabu madaftari yaliyo sakafuni.