Uso Kabla ya Cheo: Michoro ya Chaki ya Hans Holbein

Mwaka 1526 mchoraji Hans Holbein, mzaliwa wa Augsburg, aliuacha mji wa Basel akaenda Uingereza, akapokewa na Thomas More. Alirudi Basel mwaka 1528. Mwaka uliofuata waumini wenye hasira walivunja sanamu na picha za makanisa ya mji huo, na mchoraji hakuweza tena kutegemea kazi ya madhabahuni. Mwaka 1532 akarejea Uingereza, akapata riziki kwa kuchora sura za wakuu waliomzunguka mfalme Henry VIII.

Michoro yake ya chaki ipatayo 80 imehifadhiwa Windsor. Haikukusudiwa kutundikwa ukutani. Ilikuwa maandalizi ya picha za rangi. Mkuu aliketi mbele ya mchoraji, naye akauchora uso wake kwa chaki nyeusi na nyekundu, mara nyingi juu ya karatasi iliyopakwa rangi ya waridi ili ifanane na ngozi. Mavazi aliyapitia kwa mistari michache, na pengine akaandika tu kando kwa Kijerumani: hapa mahameli, hapa rangi fulani. Hariri, manyoya na mikufu ya dhahabu vilingoja picha kamili.

Hapo ndipo tunapoiona thamani ya michoro hii. Cheo kilikuja baadaye, uso ulitangulia. Tena chaki ile ile ilimchora More, aliyekatwa kichwa mwaka 1535 kwa kukataa kukubali kwamba mfalme ni mkuu wa Kanisa, na ikamchora pia Richard Rich, aliyetoa ushahidi dhidi yake mahakamani. Nyuso zote mbili zimechorwa kwa uangalifu ule ule.

Je, huo ni uadilifu, au ni kunyamaza mbele ya dhuluma? Hatuna budi kukiri kwamba Holbein alikuwa mtu wa kuajiriwa, na kwamba maskini wa London hawakuwa na fedha za kuketi mbele yake. Usawa wake ulikuwa usawa wa wenye nacho. Hata hivyo, twaamini amefanya jambo ambalo wahukumu wa siku zile, wa pande zote, walishindwa kulifanya: alimtazama mtu kwanza, kabla ya kuuliza yuko upande gani. Kutazama hivyo hakutoshi kuleta haki. Lakini haki isiyoanzia hapo huishia kuwa kisasi.