Mkono wa Fundi Hujulikana Katika Kufumua

Anayejifunza kulehemu bodi za kompyuta za magari nyumbani kwake hutajiwa mapema vipimo viwili vya ubora: kiungo king'ae, na gari liwake. Vyote viwili ni dhaifu. Mng'ao hutegemea aina ya lehemu kuliko ustadi wa aliyeishika, na gari likiwaka limethibitisha tu kwamba umeme umepita siku hiyo. Kipimo chenye nguvu kiko pale lehemu inapokutana na shaba, na zaidi ya hapo, kiko katika hali ya bodi baada ya kitu kung'olewa. Kuweka lehemu ni kazi inayosamehe, maana ukikosea unaiyeyusha tena na kurudia. Kung'oa hakusamehi. Kwa hiyo mwenye jicho la kazi hii, akipewa kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, iliyokwisha kupita mikononi mwa fundi mwingine, haanzi kwa kutazama kilichowekwa. Anatafuta mahali kilipotoka cha zamani.

Mng'ao ndio unaopoteza wengi, basi tuanze nao. Lehemu ya siku nyingi, yenye bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, huyeyuka kwa mara moja ifikapo nyuzi 183 za Selsiasi na huganda vivyo hivyo, bila kupita katika hali ya ujiuji. Ikiachwa ipoe bila kutikiswa, hung'aa. Lehemu isiyo na risasi, ambayo aina yake iliyoenea ina bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba asilimia 0.5, huyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220, na uso wake ukiganda hufifia na kuwa na chembechembe hata pale ilipowekwa na mashine bora ya kiwandani. Umoja wa Ulaya ulizuia risasi katika vifaa vingi vya elektroniki kuanzia Julai 2006, lakini magari yakapewa msamaha wa muda mrefu zaidi, na ndiyo maana barabara zetu zina bodi za aina zote mbili. Corolla ya miaka ya 1990 ambayo bado inabeba abiria Dar es Salaam ina lehemu ya risasi. Gari lililoshushwa Mombasa majuzi, chini ya sheria ya Kenya inayokataa magari yaliyozidi umri wa miaka minane, huenda halina. Anayehukumu kwa mng'ao ataikataa kazi safi ya kiwanda katika gari la pili na kuipokea kazi mbovu katika la kwanza, kwa kuwa lehemu ya risasi huweza kung'aa vizuri sana juu ya pedi (kiraka cha shaba cha bodi) ambayo haijaishika kabisa.

Kushika ndiko kwenyewe. Lehemu si gundi inayokauka juu ya kitu. Ikiyeyuka juu ya shaba safi, bati huungana na shaba na kufanya tabaka jipya jembamba mno, la mikroni chache tu, na tabaka hilo ndilo kiungo chenyewe. Lehemu nyingine yote inayoonekana ni mwili wa kulijaza. Joto likipungua, au kutu ya shaba isipoondolewa na flaksi, tabaka halizaliwi. Joto likizidi au chuma cha kulehemu kikikaa mno, tabaka linanenepa, na likinenepa linakuwa la kuvunjika upesi. Huwezi kuliona kwa macho, ila unaweza kuona alama yake ukingoni. Lehemu iliyoshika hutambaa hadi mwisho wa pedi na kuishia nyembamba. Kutoka mguu wa kipande hadi pembeni hufanya mteremko uliobonyea kidogo, na umbo la mguu bado linasomeka chini yake. Isiyoshika hujikusanya kama tone la maji juu ya jani la gimbi, imevimba, ukingo wake umejikunja kwa chini. Wengi wanaoanza hupenda kiungo kilichonona wakidhani wingi ni nguvu. Kwa kweli unene huo unaficha ukingo, na kilichofichwa hakikaguliki. Kiungo cha tundu, ambapo mguu hupenya bodi, kikaguliwe pande zote mbili: kigezo cha IPC-A-610, kinachotumiwa na viwanda duniani kote, kwa daraja lake la juu kinataka lehemu ijaze walau asilimia 75 ya kina cha tundu. Upande wa juu pekee hauwezi kukuambia hilo.

Hapo mtu wa gereji atauliza, na swali lake ni la haki: kama gari linawaka na mteja amelipa, ukingo una kazi gani? Jibu liko katika maisha ya bodi ndani ya gari. Vipande vya elektroniki vinavyokusudiwa kwa mazingira ya injini hupimwa kuanzia nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 125 juu yake, na kila safari hupasha bodi moto na kuiachia ipoe. Bodi ya nyuzi za kioo hutanuka zaidi ya kipande cha kauri kilichokaa juu yake. Tofauti hiyo yote hubebwa na lehemu, mara elfu na elfu, huku barabara ikitikisa. Agosti 2010 Toyota iliyaita yarudi kurekebishwa magari zaidi ya milioni 1 ya Corolla na Matrix ya miaka ya 2005 hadi 2008 huko Marekani na Kanada, kwa sababu kompyuta za injini zake ziliweza kupata ufa kwenye sehemu za lehemu au kwenye vipande vya kuzuia umeme uliozidi. Magari hayo yote yalikuwa yamewaka kiwandani. Kama kiungo cha mashine, chini ya ukaguzi wa kampuni ya ukubwa huo, huweza kupasuka baada ya kupita mtihani wa kuwaka, basi mtihani huo haumtetei fundi wa chumbani. Ufa wenyewe mara nyingi ni duara jembamba jeusi kuzunguka mguu, hasa kwenye soketi kubwa na transista za umeme mwingi, kwa kuwa ni nzito na zina joto. Mteja huuleta kwa maneno yaleyale: gari likipata moto linazima, likipoa linawaka. Lenzi ya kukuza mara kumi na taa iliyolazwa ubavuni huuonyesha vizuri kuliko taa kali ya juu, ambayo hufuta vivuli na kuufanya ufa upotee.

Sasa kufumua, ambako ndiko kwenye utajiri wa somo hili. Tundu la bodi limefunikwa kwa ndani na bomba la shaba lenye unene wa mikroni 25 hivi, na bomba hilo huunganisha matabaka ya bodi ambayo huyaoni. Mguu ulioungwa na uwanja mpana wa shaba, kama ule wa ardhi, hunywa joto haraka. Mwanafunzi huona lehemu ya juu imeyeyuka, anavuta, na ya chini bado imeganda. Kipande kinatoka na bomba lake. Ndiyo sababu ushahidi wa kwanza uko kwenye kipande kilichotupwa: miguu yake ikaguliwe kabla ya kwenda kwenye takataka. Mguu uliovaa pete ya shaba umebeba kipande cha bodi. Kisha tazama tundu. Likiwa zima, mwanga hupenya na ukuta wake unang'aa mduara mzima. Halafu zunguka mahali hapo. Pedi iliyonyanyuka hata unywele mmoja imeachana na gundi yake na haitarudi. Ubao uliogeuka hudhurungi umeungua. Madoa meupe ndani ya ubao ni nyuzi za kioo zilizoachana na utomvu wake. Mikwaruzo kwenye rangi ya kijani inaonyesha chuma kilichoteleza, na chuma huteleza kinapotumiwa kama mtaimbo badala ya kuachwa kifanye kazi yake ya kupasha joto.

Mkono mzuri hufanya jambo ambalo mwanzoni linashangaza: kabla ya kuondoa lehemu, huongeza lehemu. Lehemu mpya ya risasi na flaksi, zikichanganyika na ile ngumu ya kiwandani, hushusha kiwango cha kuyeyuka na kusambaza joto hadi chini ya tundu. Ncha pana hupeleka joto upesi kuliko ncha ya sindano. Inakaa sekunde chache na kuondoka, wakati ncha nyembamba hulazimika kung'ang'ania hadi pedi iachie. Bodi nene hupashwa kwanza kwa chini, kiasi cha nyuzi 100, ili chuma kisibebe mzigo peke yake. Utepe wa shaba wa kufyonza lehemu unyanyuliwe wakati lehemu bado ni majimaji. Ukiganda nao, ukauvuta, pedi inaondoka nao. Wapo pia wanaotumia lehemu ya bismuthi, kwa kuwa ile ya bati na bismuthi huyeyuka kwenye nyuzi 138 na kipande hutoka kwa urahisi mkubwa. Sina ugomvi na njia hiyo, mradi masalia yake yafutwe yote. Bismuthi ikibaki na kukutana na bati na risasi, hufanya mchanganyiko unaoyeyuka karibu na nyuzi 96, na hilo ni joto la kawaida karibu na injini. Kiungo cha namna hiyo hung'aa, gari huwaka, na siku ya jua kali kwenye foleni lehemu inalegea.

Mfano mzuri wa kupima yote haya ni kapasita za majimaji kwenye kompyuta za Mitsubishi za miaka ya mwanzo ya 1990, maarufu kwa kuvuja. Majimaji yake hula shaba na rangi ya bodi, na chuma kikigusa hapo hutoa harufu ya samaki. Kubadilisha kapasita tatu nne ni kazi ndogo, na ndiyo maana inatofautisha watu. Mmoja huondoa za zamani, hupachika mpya, hurudisha gari. Mwingine huosha mahali pote kwa spiriti isiyo na maji, hukwangua shaba iliyogeuka kijani hadi ing'ae, hupima kila njia kwa mita, huunga iliyokatika kwa waya mwembamba unaofuata mkondo wa awali, kisha huweka kapasita zinazostahimili nyuzi 105 na kupaka upya vanishi ya kinga. Waya wa kuunga si aibu. Kiwanda chenyewe wakati mwingine huuweka. Aibu ni waya mrefu unaoning'inia, au uliozikwa chini ya gundi ya moto ili usionekane. Ukitaka kumjua aliyefanya kazi, inamisha bodi utazame chini ya kapasita mpya.

Lipo pingamizi jingine: kwamba ubora huu unahitaji vifaa vya bei ambavyo mtu wa nyumbani hana. Kuna ukweli ndani yake, lakini si mwingi. Kinachohitajika hasa ni chuma chenye kudhibiti joto, kiwekwe nyuzi 330 hadi 370, ncha pana, lenzi, utepe wa kufyonza na flaksi ya utomvu wa msonobari. Chuma cha kuchomeka moja kwa moja kwenye ukuta hakijui kusimama. Kikiachwa kinapanda hadi kuunguza, kikiguswa na shaba pana kinapoa. Hicho ndicho cha kuepuka, pamoja na flaksi ya asidi inayotumiwa kuziba rejeta, maana kloridi ya zinki iliyomo huendelea kuitafuna shaba muda mrefu baada ya kazi kwisha. Wengine watasema ni nafuu kununua kontrol boksi nyingine ya mtumba kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani au Kirinyaga Road na kuachana na chuma. Kwa gari la zamani huenda ni kweli. Kwa gari lenye imobilaiza, kompyuta na ufunguo hujuana, na boksi ngeni hailiwashi gari hadi ipangwe upya.

Ustadi una upande wa kukataa pia. Baadhi ya kompyuta za magari ya Ulaya hutumia bodi za kauri zenye nyuzi nyembamba za alumini zilizounganishwa bila lehemu na kufunikwa na jeli. Hapo chuma chako hakina kazi, na anayesema ameirekebisha kwa lehemu ameiharibu. Kuhusu risasi, hatari kubwa haiko kwenye moshi, kwa kuwa katika joto hili risasi haigeuki mvuke wa kutosha. Moshi ule ni wa flaksi, nao huwasha mapafu na huweza kuleta pumu. Risasi huingia kwa mikono inayorudi kwenye chakula. Meza ya kulia isitumike, watoto wasikae karibu, mikono ioshwe kwa sabuni, dirisha lifunguliwe.

Anza na bodi chakavu za redio na dekoda zisizodaiwa na mtu, ung'oe kabla ya kuunga, na usiguse gari la mteja hadi miguu ya vipande unavyovitoa iwe inatoka bila pete ya shaba mara zote. Na kompyuta za mifuko ya hewa na za breki ziache kabisa, hata mkono ukishakomaa. Kiungo kibovu kwenye kompyuta ya injini hulaza gari barabarani. Kwenye zile mbili huenda asiwepo atakayekijua hadi siku ya ajali.