Matabishi ya ndege yanatoka kwenye mfuko wa nani?

Wandugu, leo niache mihogo na mahindi, niongee juu ya ndege.

Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe mwisho wa Januari 2025, siye tunavuka Gisenyi, tunapanda gari hadi Kigali, ndipo tunapata ndege. Safari moja nilikuwa wa kwanza kwenye listi ya kungojea. Kiti kimoja kikapatikana. Akaitwa bwana aliyefika nyuma yangu, juu ana kadi ya zahabu. Mie nikalala pale pale. Nilikuwa naenda kwenye mahojiano ya kazi, nilifika yamekwisha. Kampuni siitaji.

Haikuvunja sheria, iko imeandikwa. Kwa mfano Star Alliance, muungano wa kampuni za ndege ulioanza 1997: mwenye zahabu anatangulia kwenye listi, anaongezewa kilo 20 ao begi moja, mizigo yake inatoka mbele, anakaa kwenye chumba cha mapumziko. American Airlines ilianza mchezo wa kuhesabu safari 1981, ili mteja asihamie kwa wengine.

Mutaniambia: anayenunua mingi apewe mingi. Ni kweli, hata mama wa soko la Virunga anampa mteja wake matabishi. Lakini mama anayatoa kwenye gunia lake mwenyewe. Hachukui kwenye kikapu cha mteja anayefuata. Chumba cha mapumziko ni matabishi: kampuni inalipa, mie sipotezi kitu. Kiti cha kwenye listi si matabishi. Kilitoka kikapuni mwangu.

Tena, mteja wa mama analipa franga zake. Wenye kadi wengi ninaowajua hapa Goma tiketi zao zinalipwa na shirika, lakini pointi zinaingia kwenye jina la mtu. Mie tiketi yangu ilinunuliwa na mbuzi wawili wa baba. Sasa nani alilipa zaidi?

Sisemi hivi kwa wivu tu. Kesho nikipata kazi hiyo, na mie nitachukua kadi, kama weye. Ndiyo maana naomba tukubaliane mapema: chai na viti vya starehe wabaki navyo, lakini listi ifuate aliyefika kwanza. Na mashirika yadai pointi zilizolipwa kwa pesa zao, zisafirishe na wale wasio na kadi.

Ninyi munaonaje?