Pochi isiyobeba hela: tuitazame MetaMask vizuri

Jirani yangu wa hosteli alipoteza laki tatu na nusu ndani ya dakika chache. Simu yake anayo, kompyuta anayo. Alichofanya ni kuandika maneno 12 kwenye fomu aliyotumiwa na mtu aliyejiita huduma kwa wateja. "Lakini nenosiri langu sikumpa!" aliniambia, bado anashangaa. Kumbe nenosiri halikuhitajika kabisa.

Swali lake ndilo limenifanya niandike. Alitumia programu gani si hoja. Mimi nachukua MetaMask kama mfano, kwa sababu ni kiendelezi cha kivinjari maarufu sana kwa watumiaji wa Ethereum, kipo tangu 2016, na programu nyingi zina muundo kama wake. Maoni yangu ni haya: hesabu iliyo ndani yake ni imara, ila jina lake linakufundisha picha isiyo sahihi, na picha hiyo ndiyo inayowagharimu watu.

Tuanze na jina. Ukisikia pochi, unawaza kitu kinachobeba hela. Hiki hakibebi. Salio lako limeandikwa kwenye blokucheni, yaani daftari la pamoja ambalo nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani. Kiendelezi kinatunza funguo za kusaini tu. Kingeitwa muhuri ningeelewa zaidi: aliyeshika muhuri wako anasaini kwa niaba yako, popote alipo.

Funguo zote zinazaliwa na yale maneno 12. Yanatoka kwenye orodha ya maneno 2048, kwa utaratibu uitwao BIP-39 wa mwaka 2013. Kila neno linabeba biti 11, jumla 132. Biti 128 ni za bahati nasibu na 4 ni za kukagua makosa ya uandishi. Mtu akitaka kubahatisha, ana machaguo yenye tarakimu 39. Kompyuta ikijaribu trilioni moja kwa sekunde, kuyamaliza yote kungechukua zaidi ya mara milioni 700 ya umri wa ulimwengu. Hapo natoa heshima. Ndiyo maana mwizi habahatishi. Anakuomba.

Na nenosiri je? Linafunga kiendelezi kwenye kompyuta hiyo moja tu. Ukilisahau, maneno 12 yanakurudisha. Mwizi akiyapata maneno, anayaingiza kwenye kompyuta yake na kuweka nenosiri lake mwenyewe. Sisi tuliozoea pesa za simu tunanasa hapa: kule namba ya siri ndiyo kila kitu, na mambo yakiharibika kuna kampuni ya kupigia. Huku hakuna mwenye uwezo wa kurudisha muamala.

Kuna na lugha. Orodha ile ina matoleo ya Kijapani, Kihispania, Kifaransa na lugha nyingine kadhaa, Kiswahili hakimo. Mtu ananakili maneno ya Kiingereza asiyoyajua, anaogopa kukosea herufi, basi anapiga picha. Picha inapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, na siri imeshatoka mkononi.

Kasoro ninayoiona kubwa zaidi ni kitufe cha kuthibitisha. Tovuti inaweza kukuomba idhini ya kutumia sarafu zako bila kikomo, nawe ukabonyeza kama unavyokubali masharti ya tovuti yoyote. Desemba 2021, wadukuzi walipenyeza msimbo kwenye tovuti ya BadgerDAO, ukawa unawaomba watumiaji idhini za namna hiyo. Zikaondoka takriban dola milioni 120. Hakuna neno la siri lililovuja. Watu walisaini wenyewe. Kwa haki, siku hizi MetaMask inakuruhusu kuweka kiwango cha juu cha matumizi, na inatoa tahadhari kwa baadhi ya maombi yenye mashaka. Ni hatua nzuri. Lakini bado inamtaka mtu wa kawaida aelewe anachosaini ndani ya sekunde tano, kwenye dirisha dogo.

Ukitaka kuitumia, fanya hivi. Pakua kupitia tovuti rasmi uliyoiandika mwenyewe, si kupitia tangazo la juu kwenye matokeo ya utafutaji. Viendelezi bandia vimeshakutwa hata kwenye maduka ya vivinjari. Tumia wasifu wa kivinjari wa peke yake, usio na viendelezi vingine. Andika maneno kwa kalamu, nakala mbili, sehemu mbili. Jaribu kwanza na kiasi kidogo: futa kiendelezi, kirudishe kwa maneno yako, uone kama akaunti ni ileile. Idhini weka kiasi unachohitaji tu, na ukimaliza uifute. Akiba kubwa iwe kwenye kifaa maalumu kinachotunza funguo nje ya kompyuta.

Na mtu yeyote akikuomba maneno 12, hata akiwa na nembo na lugha ya upole, huyo ni mwizi. Jirani yangu angeambiwa sentensi hiyo moja kwa Kiswahili siku anafungua akaunti, leo angekuwa na ada yake.