Pale Mwalimu Anaposimamisha Video

Video ya fizikia haina shida kuipata siku hizi, hata kwa simu. Ufundi uko kwa mwalimu anayejua aisimamishe wapi.

Mwaka 1960 wanafizikia wawili wa Chuo Kikuu cha Toronto, Patterson Hume na Donald Ivey, walitengeneza filamu ya shule iitwayo Frames of Reference, ikiongozwa na Richard Leacock. Haifiki nusu saa, wala haina rangi. Ndani yake kuna kigari kinachokwenda kwa mwendo usiobadilika, na juu yake gololi ya chuma imeshikiliwa na sumaku ya umeme. Sumaku inazimwa, gololi inaanguka. Kwa aliyesimama sakafuni, gololi inapita njia ya upinde. Kwa kamera iliyofungwa kwenye kigari, inashuka wima. Anguko ni lile lile moja.

Mwalimu stadi anasimamisha picha kabla sumaku haijazimwa. Kwa wanafunzi wa Mwamanyili, wilayani Busega, swali lake analitoa kwenye barabara ya Mwanza–Musoma: umekaa ndani ya basi linalokwenda sawasawa kilomita 72 kwa saa, ukaachia sarafu kutoka kimo cha mita 1.25. Itatua wapi? Wengi watasema nyuma. Basi wapigie hesabu. Sarafu inachukua nusu sekunde kufika chini, na kwa nusu sekunde hiyo basi limesogea mita 10. Kama kweli ingebaki nyuma, ingewafikia abiria wa viti vya mwisho. Hapo darasa linaanza kubishana, na mwalimu anawaacha wabishane, kila mmoja aandike jibu lake daftarini. Ndipo anabonyeza.

Subira hiyo naiheshimu sana, kwa sababu kishawishi cha kuiacha video iende hadi mwisho ni kikubwa, hasa kipindi kikiwa kifupi na umeme hauna uhakika. Derek Muller, katika tasnifu yake ya mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Sydney, alionyesha hatari yake. Wanafunzi waliotazama maelezo yaliyonyooka waliyasifu kuwa yanaeleweka, lakini alama zao hazikupanda kwa maana. Waliotazama video iliyoanza na mawazo potofu ya watu, kisha ikayajadili, waliiona ngumu zaidi, na ndio waliojifunza zaidi.

Kuna na suala la lugha. Mtoto wa huku ana Kisukuma nyumbani, amesoma msingi kwa Kiswahili, na sekondari anakutana na Kiingereza kwa ghafla. Mwalimu anayezima sauti ya video na kusimulia mwenyewe, akirudisha nyuma kipande cha sekunde tatu mara nne ili kila mtu aone gololi inavyokwenda sambamba na kigari, anawapa watoto fizikia kwanza, kisha Kiingereza chake.

Bado hajamaliza. Anawatoa uwanjani: mmoja atembee haraka kwa mwendo ule ule, aachie jiwe bila kupunguza hatua, na wenzake wamtazame kwa ubavuni. Waliosema nyuma sasa waeleze kwa nini jiwe limetua karibu na mguu wake.