Jimu Mbili za Ujiji

Andika jina la Ujiji kwa herufi za Kiarabu, kama walivyozoea waandishi wa Kiswahili wa zamani: أُجِيجِ. Mna jimu mbili humo, wala hazifanani. Ya kwanza imekatwa mkia ili ishikane na ye inayofuata. Ya pili imefika mwisho wa neno, basi mkia wake umeachiwa uzunguke chini ya mstari. Mtoto wa madrasa hufundishwa mapema kwamba herufi ina sura ya kuanzia, ya katikati, ya kumalizia na ya kusimama peke yake. Baada ya muda mkono wake huandika bila kuuliza. Kompyuta haina mkono uliozoea. Lazima iambiwe kila kitu, na jinsi ilivyoambiwa ni ufundi unaostahili kutazamwa kwa makini.

Waliopanga herufi za dunia katika mfumo wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, walishika kanuni moja yenye busara kubwa: jimu ni jimu. Iwe mwanzo wa neno, katikati au mwisho, alama yake ya utambulisho ni moja, 062C. Mvuvi wa Kibirizi akivaa kanzu Ijumaa na kaptura akiingia ziwani, jina lake halibadiliki. Na jimu vivyo hivyo.

Kwa hiyo ndani ya kompyuta jina la Ujiji ni alama saba zinazofuatana: alifu yenye hamza, dhumma, jimu, kasra, ye, jimu, kasra. Zinahifadhiwa kwa mfuatano wa kusoma. Kuzipanga kutoka kulia kwenda kushoto hufanyika wakati wa kuzionyesha tu. Ukiingiza katika mstari huo mwaka 1871, ambao Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, tarakimu zitasomeka kutoka kushoto kama kawaida, na maneno ya pande zote mbili yatabaki mahali pake.

Kuchagua sura ni kazi ya fonti na programu inayoisoma. Programu hutazama jirani wa kila herufi: alifu haimshiki anayeifuata, basi jimu ya kwanza ianze upya, ye inashika pande zote, basi jimu ya mwisho iungane nayo. HarfBuzz, programu huria inayofanya kazi hiyo, imo ndani ya simu za Android, zikiwemo zinazouzwa madukani Mwanga, Kigoma. Khaled Hosny, mmoja wa walioijenga, ndiye pia aliyechora fonti ya Amiri, akifuata chapa ya Bulaq ya Cairo ya mwanzoni mwa karne ya 20. Pale programu isipojua kazi hii, utaona bango lenye herufi zilizotengana na neno lililogeuzwa nyuma mbele.

Kwa mchapaji, ugumu wote huo umefichwa. Katika kibodi ya kawaida ya Kiarabu ya Windows, jimu iko kulia kwa P, ye iko kwenye D, na kasra hupatikana kwa Shift na A. Anabonyeza kitufe kile kile kwa jimu zote mbili, na kila moja inavaa sura yake.

Kiswahili kina haja zake. Kiarabu hakina p, hivyo wengi zamani walitumia be. Kipampa, kata ya hapa Kigoma-Ujiji, ikiandikwa hivyo itasomeka Kibamba, na Kibamba iko Dar es Salaam. Pe yenye nukta tatu chini, پ, ina alama yake, 067E. Che, چ, ni 0686. Kibodi ya Kiajemi inazo zote mbili. Hata dhumma iliyopinduliwa, inayoweza kuitenga o na u, imepewa nafasi yake, 0657.

Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefika Ujiji na misafara yake, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili cha herufi hizi, kabla Heinrich Brode hajazigeuza kuwa za Kirumi na kuzichapisha. Leo kugeuza si lazima tena. Aliye na barua ya babu yake sandukuni asitosheke na kuipiga picha, kwa kuwa picha ya kawaida haikuruhusu kutafuta jina la mtu ndani yake. Aichape herufi kwa herufi, be ya mwandishi aiache be. Lakini anayeandika Kiswahili kipya kwa herufi hizi atumie pe. Nafasi yake ipo tayari katika kila kompyuta inayofuata Unicode.