Kumbukumbu si Ghala: Uhakiki wa Matumizi ya Saikolojia ya Ukumbukaji katika Usomaji wa Tawasifu ya Tippu Tip

1. Utangulizi

Makala haya yanahakiki namna dhana za kumbukumbu na hisia, kama zilivyochunguzwa katika saikolojia ya majaribio, zinavyoweza kumsaidia au kumpotosha mhakiki wa tawasifu ya Kiswahili. Matini teule ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip. Mwandishi aliiandika kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu kwa ombi la Heinrich Brode, naye Brode akaigeuza kuwa hati za Kilatini na kuichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, anaanza masimulizi yake na safari fupi za biashara ya sandarusi alipokuwa na umri wa miaka 12. Hivyo, sehemu ya mambo anayoyasimulia iliandikwa takribani nusu karne baada ya kutokea.

Mbele ya matini ya aina hii, mhakiki huvutwa na misimamo miwili. Wa kwanza huichukulia kumbukumbu kama ghala: kilichoandikwa ndicho kilichotokea, na kisichoandikwa kimesahaulika. Wa pili hudai kwamba kwa kuwa saikolojia imethibitisha kuwa kumbukumbu hujengwa, basi tawasifu ni ubunifu kama riwaya. Makala haya yanadai kwamba misimamo yote miwili hailingani na ushahidi wa saikolojia yenyewe, na kwamba kosa hilo lina gharama: huamua ni nani anayeonekana na nani anayepotea katika historia ya Afrika Mashariki na Kati.

2. Neno lenyewe

Msimamo wa ghala una mizizi katika lugha tunayoitumia. Nomino "kumbukumbu" hubeba maana kadhaa kwa pamoja: uwezo wa akili, jambo linalokumbukwa, na maandishi yanayohifadhiwa, kama katika kumbukumbu za mkutano. Vitenzi vinavyoandamana nayo huimarisha taswira ya kitu: tunaweka, tunatunza na tunapoteza kumbukumbu. Kitenzi "kukumbuka" na minyambuliko yake kina mwelekeo tofauti. Kukumbusha, kukumbushwa na kukumbushana huonyesha tendo linalofanyika kwa wakati fulani, aghalabu kwa kuchochewa na mtu mwingine. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia "ukumbukaji" kwa tendo la akili na "kumbukumbu" kwa zao la tendo hilo. Utengano huu hauondoi tatizo, ila humzuia mhakiki asihame kutoka maana moja hadi nyingine bila kujua.

3. Ushahidi wa majaribio

Hermann Ebbinghaus, katika kitabu chake cha mwaka 1885, alijichunguza mwenyewe kwa kujifunza orodha za silabi zisizo na maana. Alipojifunza orodha upya baada ya dakika 20, aliokoa takribani asilimia 58 ya muda aliotumia mwanzo. Baada ya siku 31, aliokoa takribani asilimia 21. Utafiti huu ulionyesha kuwa usahaulifu unaweza kupimwa. Hata hivyo, silabi zisizo na maana ziliteuliwa ili kupunguza kadiri iwezekanavyo athari ya maana, nayo tawasifu imejaa maana.

Frederic Bartlett alichukua njia nyingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1932 anaeleza jinsi alivyowapa wasomaji wa Uingereza ngano ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda mfupi na baada ya muda mrefu. Mitumbwi iligeuka kuwa mashua za kawaida, uwindaji wa sili ukawa uvuvi wa samaki, na mambo ya mizimu yakaachwa au yakatafutiwa sababu. Bartlett alihitimisha kwamba anayekumbuka hujenga upya akiongozwa na skima, yaani mpangilio wa tajiriba zake zilizotangulia. Aliongeza kwamba aghalabu kinachotangulia ni mwelekeo wa kihisia kuhusu jambo lote, kisha maelezo hujengwa ili kuuhalalisha.

Wanaosema kuwa tawasifu ni ubunifu mtupu hukomea hapa. Lakini katika kitabu hichohicho Bartlett anasimulia habari za mchungaji wa Kiswazi aliyeulizwa kuhusu ng'ombe walionunuliwa takribani mwaka mmoja kabla. Mchungaji alitaja mnyama mmoja baada ya mwingine, muuzaji na bei, na alipolinganishwa na daftari la mwenye mali, alipatikana na makosa mawili madogo tu: moja la bei na moja la rangi. Bartlett hakuona hapo uwezo wa ajabu. Alieleza kwamba ng'ombe ndio waliokuwa kiini cha maisha ya jamii ile. Skima iliyopotosha ngano ngeni kwa wasomaji wa Uingereza ndiyo aina ya mpangilio uliohifadhi bei za ng'ombe kwa mchungaji. Ujenzi, basi, si kinyume cha usahihi.

Bartlett naye hana budi kuhakikiwa. Maelekezo aliyowapa wasomaji hayakuwa makali, na matokeo yake hayakuchanganuliwa kwa takwimu. Mwaka 1967, Gauld na Stephenson walionyesha kwamba washiriki wanaosisitiziwa kuwa waangalifu huongeza mambo machache zaidi yasiyokuwamo. Hata hivyo, Bergman na Roediger waliporudia jaribio hilo mwaka 1999, walipata upotoshaji unaofanana na ule alioueleza Bartlett. Fundisho kwa mhakiki ni kwamba namna mtu anavyoombwa kukumbuka ni sehemu ya kile anachokikumbuka.

Kuhusu hisia, Brown na Kulik walidai mwaka 1977 kwamba tukio la kushtua huacha kumbukumbu angavu na ya kudumu. Neisser na Harsch walilipima dai hilo kwa wanafunzi walioandika, asubuhi iliyofuata, jinsi walivyopata habari za kulipuka kwa chombo cha Challenger tarehe 28 Januari 1986. Miaka miwili na nusu hivi baadaye, wanafunzi 44 waliulizwa tena. Kati yao, 11 hawakupata hata alama moja ya usahihi, ilhali wengi walijiamini sana. Kwa hiyo, uangavu wa masimulizi na uthabiti wa msimulizi si ushahidi wa usahihi.

4. Kurudi kwenye matini

Tawasifu ya Tippu Tip imejaa frasila za pembe, thamani ya bidhaa, madeni na majina ya wafanyabiashara, akiwamo Taria Topan, tajiri wa Unguja aliyemkopesha. Tarehe, kwa upande mwingine, ni haba. Msomaji wa ghala atasema kuwa mwandishi alikumbuka hesabu na akasahau miaka. Kwa ushahidi uliotolewa hapo juu, maelezo ya kuridhisha zaidi ni kwamba biashara ndiyo skima iliyopanga ukumbukaji wake, kama ng'ombe walivyopanga ule wa mchungaji. Hesabu hizo zinastahili kulinganishwa na hati nyingine za biashara, wala hazifai kutupwa kwa hoja kwamba kila kumbukumbu ni ubunifu.

Skima hiyohiyo ina upande wa pili. Wapagazi na watumwa waliobeba pembe hizo hawapewi majina kwa kiwango wanachopewa wadai na washirika wa biashara. Anayeisoma matini kama ghala huurithi mpaka huo bila kuuhoji, na kutotajwa kukawa kama kutokuwapo. Wala saikolojia haimruhusu mhakiki kuuita ukimya huo usahaulifu. Mtu anaweza kunyamazia anachokikumbuka vyema, hasa anapomwandikia Mjerumani katika miaka ambayo utumwa ulikuwa hoja kubwa ya siasa za kikoloni. Ombi la Brode lilikuwa, kwa namna yake, maelekezo ya jaribio, nasi hatuna daftari la pili la kulinganisha kila kauli.

5. Hitimisho

Uhakiki huu umebainisha kwamba saikolojia ya ukumbukaji haimpi mhakiki hukumu ya jumla kuhusu ukweli wa tawasifu. Inampa maswali matatu: ni maslahi gani yaliyopanga kinachokumbukwa, ni nani aliyeomba kukumbushwa, na kwa maelekezo gani, na ni ushahidi gani wa nje unaoweza kulinganishwa na matini. Pale ambapo swali la tatu halina jibu, mhakiki ana haki ya kueleza mpangilio wa masimulizi, lakini hana haki ya kutangaza kuwa msimulizi amesahau, amedanganya au amesema kweli. Kwa matini iliyoandikwa na mfanyabiashara kuhusu misafara iliyobebwa mabegani mwa wengine, tahadhari hiyo ni wajibu wa kitaaluma na ni haki ya wale wasiotajwa.